Mahari ya Wiki Kumi na Sita

Kwa aliyefungiwa vitumbua kwa gazeti la wiki iliyopita kabla hajalisoma, ngoja nimrudishe njiani kwa maneno machache.

Mimi ni Batuli wa Bagamoyo, msuka mikeka, elimu yangu darasa la saba. Naishi na mwanangu Msabaha na binti yake Nadhira. Nadhira kamaliza kidato cha sita, vyuo havikumwita, akaamua atakuwa mtengeneza tovuti. Akaipata ofisi moja huko Dar es Salaam inayochukua vijana wa kujifunza kazi kwa mshahara. Sharti lao ni moja tu, ulete tovuti uliyoijenga kwa mkono wako kabla Oktoba haijaisha. Zilikuwa zimebaki wiki kumi na sita, na ndipo watu wa Mkange walipoleta posa.

Mliniacha pale ambapo jibu la posa limeshaondoka kwenda Mkange, na ndani ya kitambaa, badala ya karatasi ya mahari, imekwenda karatasi nyingine. Niliwaambieni karatasi zilichanganyika kwa sababu ya macho yangu.

Ule ulikuwa uongo. Macho yangu mabovu, lakini si kiasi hicho.

Nianze na karatasi yenyewe, ilikotoka.

Siku alipoamua mambo ya tovuti, Nadhira aliandika malengo yake akayabandika ukutani juu ya kitanda. Yalikuwa matatu. Nijue kompyuta. Nijue tovuti. Nipate kazi.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "hii orodha au dua?"

"Malengo hayo, Bibi."

"'Nijue tovuti.' Utajuaje kama umeshajua?"

"Nitahisi."

"Na mimi nikihisi mkeka umekwisha, mteja ataukalia?"

Akanuna. Nikamwachia anune mpaka chai ilipoiva, kisha nikamwonyesha ukili niliokuwa nausuka.

"Mkeka wa chumba unakula pima ishirini za huu. Siamki asubuhi nikasema leo nasuka mkeka. Nasema leo pima mbili. Jioni naunyoosha kwa mikono yangu naupima. Zikiwa mbili, nakula. Ikiwa moja na nusu, nakula vilevile, lakini najua."

Akaibandua karatasi. Alikaa nayo siku mbili, akaleta nyingine yenye mistari kumi na sita, mstari mmoja kila wiki. Wiki ya kwanza, ukurasa mmoja wenye jina lake, kwa ile lugha wanayoiita HTML, ambayo alinieleza kuwa ndiyo mifupa. Wiki ya tatu, ukurasa huohuo uvishwe nguo. Wiki ya saba, kitufe ambacho ukikigusa kinakujibu. Ya kumi na nne, tovuti ionekane vizuri kwenye simu ya mtu aliye mbali. Na ya kumi na sita, tovuti nzima ya mteja wa kweli, mwenye haki ya kuikataa.

Chini kabisa akaandika: Kila Ijumaa baada ya alasiri, Bibi akague. Asichokiona Bibi hakijafanyika.

Sentensi hiyo niliipenda kuliko zote.

Sasa posa. Kwetu baba hamwulizi binti yake habari za mume. Anayeuliza ni bibi au shangazi, na shangazi yake yuko Pangani, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Nikaenda chumbani na kile kitambaa cha kijani walichokuja nacho watu wa Mkange.

"Huyo Yunus umemwona?"

"Nimemwona."

"Vipi?"

"Si mbaya."

"Unamkataa?"

"Simkatai, Bibi. Nataka wiki zangu kumi na sita."

"Baba yako anataka ndoa mwezi ujao."

"Na Mkange kwao mtandao uko wapi?"

"Nasikia uko karibu na tangi la maji, ukisimama."

Akainama juu ya kompyuta yake. Ilikuwa ya mitumba, vitufe viwili havipo.

"Na mahari unataka nini?" nikamwuliza.

"Andika unachotaka wewe, Bibi."

Kosa lake lilikuwa hapo. Nilikuwa na karatasi tupu mkononi na nyingine iliyojaa ukutani. Kaniambia niandike ninachotaka, na nilichokitaka kilikuwa kimeshaandikwa, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Nikaibandua, nikaikunja, nikaifunga kwenye kitambaa.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Watasoma, hawataelewa, watakasirika. Watu wa Mkange wakikasirika hukaa vikao, na vikao vyao ni virefu. Wiki kumi na sita zingepita hivihivi.

Walirudi siku ya nne.

Aliyekuja ni mshenga, Maalimu Bwanausi, mwenye madrasa yake kulekule Mkange, naye ni mjomba wa Yunus. Yunus mwenyewe alikaa nyuma yake, kijana mrefu, mlimaji wa ufuta, mikono hajui aiweke wapi.

"Mahari tumeiona," akasema Maalimu. "Tangu nianze ushenga sijapata kuiona ya namna hii."

Msabaha, aliyedhani tumetaja kitanda na kabati, akasema, "Kama ni kubwa, Maalimu, sisi ni watu wa kuzungumza."

"Ni kubwa. Lakini tumeikubali."

"Yote?"

"Wiki zote kumi na sita."

Msabaha akanigeukia. "Mama, wiki za nini?"

"Za mahari," nikasema.

Maalimu akaikunjua karatasi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mkuu wa wilaya. Alipofika wiki ya tatu akasimama. "Hapa pa kuuvisha ukurasa nguo tulijadiliana kutwa nzima. Wako waliosema tununue gora la kitambaa."

"Mama," akasema Msabaha polepole, "hii ilikuwa ukutani."

"Macho yangu, mwanangu."

"Hakuna kosa lolote," akasema Maalimu. "Mahari ni haki ya binti, na anayeitaja ni yeye. Na kufundishwa elimu ni mahari inayojuzu, tena nzuri. Yunus atamfundisha haya yote. Siku lengo la kumi na sita litakapokamilika, mahari imelipwa, tunafunga ndoa."

"Yunus anayajua mambo haya?" akauliza Msabaha.

Yunus akajibu mwenyewe. "Sijui hata moja, baba. Lakini nina wiki kumi na sita."

Nilianza kumwogopa siku hiyo.

Walipoondoka, Nadhira alinifuata jikoni.

"Bibi, umefanya nini?"

"Nimekupatia wiki zako."

"Nikimaliza malengo naolewa, nakwenda kusimama kwenye tangi. Nisipoyamaliza sina cha kuipelekea ofisi. Kila Ijumaa ukisema 'imefanyika', unanisogeza Mkange."

"Hilo sikulifikiria."

"Ulifikiria nini?"

"Nilifikiria watakasirika."

Basi kila Jumamosi Yunus akawa anakuja na pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, baba, nawa kwanza." Anakaa mwisho huu wa baraza, Nadhira mwisho ule, mimi katikati na ukili wangu. Kompyuta tuliiweka kwenye kigoda mbele yangu, na kila mmoja akawa anainama kutoka upande wake. Nimesikia HTML ikipita juu ya kichwa changu kutoka pande zote mbili.

Jumamosi ya pili alikuja na daftari la madrasa. Yale aliyokuwa akijisomea kwenye simu pale tangini aliyanakili humo kwa mkono.

"Leo nitakufundisha kupanga orodha," akasema. Akaandika kwa vidole viwili, akageuza kompyuta.

Nadhira akatazama. "Hujaifunga."

"Nini?"

"Orodha. Umeifungua hapa, hujaifunga popote. Ukurasa mzima utageuka orodha."

Yunus akaandika kwenye daftari lake. "Ahsante, mwalimu."

Neno hilo likanikaa. Jioni ile, Nadhira anakuna nazi, nikamwuliza, "Maalimu kasema mahari ni nani amfundishe nani?"

"Yunus anifundishe mimi."

"Na wewe ukimfundisha Yunus?"

Mkono ukasimama juu ya mbuzi. "Basi hajalipa."

"Basi kaza mwendo. Kila akija akute umeshapita. Malengo yatatimia, na mahari itabaki Mkange."

Mke mwenzangu akakimbia. Zamani alikuwa anatazama mafunzo kwenye simu kutwa nzima, bando linakwisha, halafu anasema amejifunza. Sasa akawa anatazama kidogo, anafunga, anakijenga kitu chenyewe mpaka kisimame. Tovuti aliyoichagua ilikuwa yetu sisi wasuka mikeka sita wa mtaani, na mteja mwenye haki ya kuikataa alikuwa mimi. Niliikataa mara mbili. Mara ya kwanza rangi nyekundu ya mkeka wangu ilionekana kama nyanya iliyooza.

Na ukaguzi sikuupunguza. Lengo la tisa lilikuwa fomu ya kuagizia mkeka. Ijumaa ile nikaandika jina langu, nikagusa. Jina halikwenda popote.

"Haijafanyika."

"Imebaki kidogo tu, Bibi."

"Karatasi haikuandika kidogo."

Hakuniaga alipokwenda kulala. Jumapili alfajiri akaja kuniamsha nikaandike jina tena. Lilikwenda.

Yunus naye akawa kila Jumamosi anakuja kufundisha lililopita, anafundishwa lililopo, anaandika, anashukuru, anapanda pikipiki. Daftari la kwanza likajaa. Akanunua la pili. Mimi nikasuka kwa amani kama mtu aliyeshinda kesi.

Wiki ya kumi na mbili, Nadhira alikuwa ameshafika lengo la kumi na nne. Hapo akakwama.

Kwenye kompyuta yake tovuti ilikuwa nzuri, mikeka yote imetandazwa. Ukiifungua kwenye simu ya baba yake, maneno yapo, picha hakuna. Visanduku vitupu. Akabadilisha hiki, akafuta kile, akaanza upya. Ijumaa ya kwanza nikasema haijafanyika. Ijumaa ya pili nikasema tena, na siku hiyo niliona heri ningekuwa kipofu kweli.

Akalia. Akasema ofisi haitachukua mtu wa visanduku vitupu. Akasema heri angeandika tu kitanda na kabati.

Jumamosi Yunus akaja. Hakufungua daftari. Akatoa simu yake.

"Jana niliifungua pale tangini," akasema. "Picha hazipo."

"Najua hazipo," akasema Nadhira.

"Zenyewe ziko wapi?"

"Kwenye kompyuta."

"Kompyuta ya nani?"

"Yangu."

"Na mimi niko Mkange."

Nadhira akamtazama. Yunus akaendelea, taratibu, kama anayeogopa kukosea. "Naona ni kama umeniambia mkeka uko sebuleni kwenu, ukutani kulia. Maelekezo mazuri. Lakini mimi sebuleni kwenu sipo. Si uzipeleke picha kulekule ulikopeleka maneno, halafu unielekeze huko?"

Nadhira akavuta kigoda. Vidole vikaenda muda mrefu. Kisha akaomba simu ya baba yake, akaifungua tovuti upya. Mkeka wa kwanza ukatokea. Wa pili. Wangu, na wekundu wake sahihi.

Akacheka. Mimi hilo sikulipenda. Alikuwa na wiki mbili hajacheka, na aliyemchekesha sikuwa mimi.

Nisiwachoshe. Malengo mawili ya mwisho yalikwenda bila matata, mteja akaikubali tovuti, Nadhira akaipeleka ofisini siku nne kabla ya mwisho. Wakamjibu kwamba wamepokea, asubiri ujumbe. Tangu hapo simu haikutoka mkononi mwake, hata anaposonga ugali.

Ujumbe haujaja, na Maalimu Bwanausi akaja kukamilisha mahari.

Ilikuwa Ijumaa hii iliyopita, baada ya alasiri. Kabla wageni hawajaingia, Msabaha alinivuta pembeni.

"Mama, leo wewe ni msikilizaji. Ukitamka neno moja, namweleza Maalimu jinsi macho yako yanavyoona."

Alikuwa amenikuta asubuhi nikitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Nikakubali.

Tukakaa. Nadhira kando yangu, kichwa chini, kanga imeshuka hadi kwenye nyusi, kama inavyompasa binti siku ya namna hiyo. Simu ilikuwa mapajani, chini ya kanga. Aliyekaa upande wa simu ni mimi peke yangu.

Maalimu akamgeukia Yunus. "Umemfundisha yote kumi na sita?"

Kijana angesema ndiyo, yangekwisha. Akasema, "Hapana, Maalimu. Kanifundisha yeye."

Maalimu akavua miwani. "Yote?"

"Yote, isipokuwa moja. La kumi na nne."

"Basi mahari haijalipwa," akasema Msabaha.

Goti langu lilitaka kucheza, nikalishika. Mnajua nilivyohangaika. Malengo yametimia, mahari iko Mkange, kama nilivyopanga. Nikaanza kufikiria nitamsukia Nadhira mkeka gani wa kwenda nao Dar.

"Haijalipwa yote," akasema Maalimu. "Lakini mahari ni yake, na mwenye haki anaweza kupunguza. Akiridhia kwamba hilo moja linamtosha, limetosha." Akajisogeza. "Nadhira, mwanangu. Unaridhia hilo moja alilokufundisha Yunus liwe mahari yako, na yeye awe mume wako?"

Wakati huohuo kanga ikang'aa kwa ndani.

Nikasoma. Bila miwani, ndiyo. Ofisi ilimsalimu. Ikasema tovuti ya mikeka imewapendeza na nafasi ni yake. Afike Jumatatu saa mbili asubuhi, na asiyefika siku ya kwanza nafasi yake anapewa mwingine.

Nadhira alikuwa anausoma ujumbe huohuo. Alifika mwisho, akarudi juu, akaanza tena.

Na hakujibu kitu.

Hapa lazima niwaeleze wa bara. Kwetu binti akiulizwa mbele ya wazee kama anaridhia mume, hasemi ndiyo. Asiyetaka ndiye husema. Anayetaka huinamisha kichwa akanyamaza, na kimya chake ndicho jibu. Mimi mwenyewe nimenyamaza mara moja tu maishani, na nikaolewa.

Maalimu akangoja, kama inavyopasa. Akauliza mara ya pili. Kimya. Akauliza mara ya tatu, kwa sauti ya upole zaidi. Kanga ikaanza kutetemeka, na chozi likaangukia mkeka. Msabaha naye akajipangusa jicho, kwa jinsi binti yake alivyo na haya.

"Alhamdulillahi," akasema Maalimu. "Ndoa Jumapili. Jumatatu asubuhi anaingia kwake Mkange."

Nikakohoa.

Msabaha akanitazama.

Nikakohoa tena, kwa kirefu, nikiuelekeza mdomo chini kwenye ile kanga.

"Mama, kunywa maji," akasema.

Nikamfinya Nadhira paja. Akalisogeza paja, akaendelea kusoma.

"Tusome fatiha," akasema Maalimu.

Mikono ikapanda. Ya Yunus ndiyo iliyochelewa. Alikuwa anatazama kanga ya Nadhira, pale penye ule mwanga, na miezi yote ile tangini imemfundisha mwanga wa namna ile ni wa nini. Akanitazama mimi. Nikatazama ukili. Kisha na yeye akainua mikono, taratibu, kama mtu anayeinua kitu asichojua uzito wake.

Fatiha ikishaanza haikatizwi, hata na mimi. Nikainua yangu.

"Amin," wakasema, wakapangusa nyuso.

Nadhira akainua kichwa. Mashavu yamelowa, na anatabasamu mpaka mwisho wa meno. Akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeingia sasa hivi kutoka sokoni.

"Samahani, Maalimu," akasema. "Sikuwa nasikiliza. Ulikuwa unaniuliza nini?"